Wanafunzi Tisa wa Amos Thayer

Mate ya Orrin Buell yalimpata Amos Thayer kwenye ukosi wa koti, asubuhi kweupe, mbele ya wagomaji wote.

"Msaliti!" Orrin alisema. "Panda ngazi, bwana wako anakusubiri."

Amos hakujifuta. Alipita katikati yao, akaingia ofisi ya simu za maandishi na kupanda hadi chumba cha juu, walikokuwa wanafunzi wake tisa.

Mgomo ule ulianza kwa ajili ya Orrin. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akigonga nukta na vistari vya Morse katika ofisi ile ya mji wa Marlow, akiipelekea Chicago bei za ngano na habari za misiba, mpaka mwezi wa Mei mkono wake wa kulia ulipokakamaa kama kuni. Meneja, Bwana Lathrop, alimfukuza siku hiyohiyo.

"Sifugi mikono mibovu," alisema.

Kabla ya saa sita mchana wapiga simu wote walikuwa barabarani, Amos akiwa wa kwanza kutoka. Mitambo ikanyamaza, na wenye ngano wakaanza kumtukana Lathrop hadi nyumbani kwake.

Siku ya kumi Amos alirudi peke yake, kofia mkononi.

"Nipe watu wasiojua kitu kabisa," alimwambia Lathrop. "Baada ya wiki sita utakuwa na wapiga simu wapya."

Lathrop alikuwa ameuza mabati maisha yake yote kabla ya kupewa ofisi ile. Herufi moja ya Morse hakuijua. Nusura ambusu Amos.

Hester, mke wa Amos, alizipata habari sokoni. Jioni alimbwagia sahani ya maharage mezani hadi mchuzi ukaruka.

"Orrin ndiye aliyekufundisha kazi. Alikushika vidole hivyo, kimoja kimoja. Leo mkono wake umekufa, wewe unawafundisha watakaokalia kiti chake?"

"Hester, niache."

"Nimekuacha. Kula mwenyewe."

Darasani Amos alikuwa mkali kuliko askari. Alichora orodha ya herufi kwa mkono wake, akaibandika ukutani, na kuanzia hapo ilikuwa kugonga, kusikiliza, kuandika, tangu asubuhi hadi miguu ife ganzi. Aliyekosea alirudia mara hamsini. Aliyeshika haraka kuliko wote alikuwa Cora Stebbins, msichana mshona kofia. Siku moja alikuja na kitabu kidogo cha Morse, amekinunua stesheni ili ajisomee nyumbani. Amos alimpokonya kabla hajakifungua, akakichanachana.

"Kitabu kitakuharibia sikio! Humu ndani mwalimu ni mimi. Nikikuona na kingine, utarudi kwenye kofia zako!"

Cora alilia. Lathrop, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka.

"Ndivyo, Thayer. Wanyooshe hao."

Wiki ya sita Lathrop aliwapima mwenyewe. Aliandika barua ya mistari thelathini, akampa Cora, akawafungia wanafunzi wengine wanane kwenye stoo ya nyuma, ambako waya wa mazoezi ulifika. Cora aligonga. Karatasi nane zilitoka stoo zikiwa zimeandikwa sawasawa, neno kwa neno.

"Jumatatu tunafungua!" Lathrop alipiga meza. "Na wale wa nje wakachunge nguruwe!"

Cora alimshika Amos mkono. "Asante, mwalimu." Amos aliuvuta mkono wake, akatazama pembeni.

Jumatatu ofisi ilijaa wenye ngano, kila mmoja na karatasi yake. Kwa joto la Julai, madirisha yote ya chini yalikuwa wazi. Wanafunzi tisa walikaa kwenye viti vya wagomaji. Amos alitoka nje, akaenda kusimama na wenzake wa zamani. Hakuna aliyempisha. Orrin alimsogelea, amekunja ngumi ya kushoto.

"Umekuja kutucheka?"

"Nimekuja kusikiliza."

"Sikiliza basi! Sikiliza kazi yako!"

Ndani, Cora aligonga simu ya kwanza. Kukawa kimya kidogo, kisha mtambo ukaanza kulia kwa nguvu. Chicago ilikuwa inajibu. Wagomaji, ambao husoma mlio ule kwa sikio kama wengine wasomavyo gazeti, waligeukia dirishani wote kwa pamoja.

"Wamesema nini?" sauti ya Lathrop ilisikika. "Soma, msichana!"

"Haisomeki, bwana! Ni herufi tu, hazina maana!"

"Soma wewe! Na wewe! Nyote someni!"

Mtambo ulilia tena. Ngumi ya Orrin ililegea.

"Chicago wanauliza ni nani yuko kwenye waya," alisema polepole, akimkodolea macho Amos. "Wanauliza hiyo ni lugha gani."

"Ni yangu," Amos alisema. "Ilinichukua siku kumi kuitunga. Herufi ishirini na sita, na sikuacha hata moja mahali pake."