Korongo la Wanaoanza

Makalio ya Masalu yalikuwa tayari hewani, lakini mikono yake ilikataa katakata kuachia mwamba.

"Egemea nyuma," alisema Cornel kutoka juu, kamba mkononi. "Hili ni korongo la wanaoanza. Watoto wanashuka."

Kweli walishuka. Limi, binti mdogo wa Cornel, alikuwa chini kwenye mchanga mkavu anatafuna karanga. Pembeni yake alisimama Lusia, aliyezunguka kwa njia ya mbuzi na sufuria ya wali kichwani. Masalu alitamani sana kuwa ile sufuria.

Lusia alikwisha kumkubali. Aliyebaki ni Cornel, na bila Cornel kusema ndiyo, Lusia asingetoka katika nyumba ile. Cornel alikuwa mtu wa kikosi cha uokoaji mgodini, mtu wa kamba na maneno machache. Tangu uchumba uanze, alimsalimu Masalu kwa "habari" kavu, basi. Juzi akatoa sharti: anayetaka kuingia katika familia yetu, Jumapili baada ya misa aje tushuke naye korongo la nyuma ya kijiji cha Didia.

Hapo Masalu angenyamaza. Badala yake akajigamba kwamba ameishi machimbo ya Bulyanhulu, maduara yale ya kuchimbia dhahabu anayajua yote, kwake korongo ni kama kushuka kitandani. Kitanda chenyewe alikuwa na tabia ya kukishuka taratibu. Asubuhi akanyoa kichwa chote hadi kikang'aa, akaiacha fimbo yake nyumbani makusudi, akajibana ndani ya suruali ya jinzi. Sasa jinzi ilikuwa imepasuka mahali ambapo Lusia, kwa kusimama chini, alipaona vizuri kuliko mtu yeyote.

"Bebe Masalu!" Lusia aliita kwa Kisukuma chake, akizuia kicheko. "Wewe, achia mikono!"

Mikono haikusikia.

"Ulisema ulishuka duara gani?" Cornel aliuliza.

Masalu alifumba macho. "Sikushuka lolote. Nilikuwa nauza maandazi pale juu, mdomoni mwa duara."

Hata Limi aliacha kutafuna.

"Basi nikuvute, yaishe," alisema Cornel.

Kuvutwa juu ndiko kumkosa Lusia. Masalu alilijua hilo, na lilimuuma kuliko aibu ya suruali.

"Naogopa," alisema. "Naogopa sana. Lakini usinivute. Nishushe."

Akaachia. Alishuka akizunguka, akiita watakatifu wote aliowakumbuka na wawili ambao Kanisa haliwajui, mpaka akatua kwa makalio mchangani. Lusia alikuja mbio, akamfuta vumbi usoni kwa kanga. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

Cornel aliteremka kwa kamba ileile, kwa mkupuo mmoja tu, akaja kusimama mbele yao. Masalu alijaribu kuinuka, magoti yakagoma, akabaki pale pale akisubiri hukumu.

Cornel alivua helmeti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba," alisema. Kisha akamgeukia Lusia. "Mama, mimi sina neno tena. Olewa."