Danford Akiitwa Thomasi

Uvumi ulimkuta Kornelia shambani Nkoma akipalilia pamba, na tangu hapo jembe halikushikika. Eti Danford, mchumba wa binti yake Wema, akiitwa Thomasi anaitika. Na Thomasi ndiye aliyemwacha Wema mwaka juzi, akahamia Geita.

Ng'ombe wa mahari walikuwa waletwe Jumamosi. Kornelia, aliyezika mume mmoja kabla ya huyu aliye naye, akasema wanaume hawafanani, na kwake haingii hata ndama mpaka aone kwa macho.

"Joakim, toa pikipiki."

Mumewe huyu, majirani humwita Baba Wema tu. Joakim akashusha kofia yake ya pama, ile inayomzidi mpaka kwenye nyusi, wakaenda Bariadi.

Walimkuta Danford kwa Wema, anajaza maji pipani. Huyu ni Yanga damu, mtaa mzima unajua, lakini kavaa jezi ya Simba.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia mama mkwe kwa Kisukuma.

Kornelia hajaitikia, Wema akaita toka jikoni, "Thomasi, lete mkaa."

Danford akapeleka mkaa.

Chakula kilikuwa sato wa Lamadi, kipenzi cha Thomasi. Danford samaki humwasha; alikula huku anajikuna. Joakim ndiye aliyenyonya kichwa mpaka mfupa ukalia. Kornelia akamshangaa. Nyumbani samaki hapikwi, Joakim hali, ingawa kazaliwa kwa wavuvi.

"Mwanangu, unamharibu mtoto wa watu," Kornelia akasema. "Hivi Danford mwenyewe anapenda kula nini?"

Wema akafikiri. "Sijawahi kumuuliza."

"Mimi nishazoea, mayu," Danford akasema. "Na Thomasi siyo jina baya."

Hapo Kornelia akasimama. Akasema kwa sauti, ili na majirani wenye mabinti wasikie ng'ambo ya ua:

Usimwite mume mpya kwa jina la wa kwanza.

Usimpikie alichopenda wa kwanza.

Usimvike alichoacha wa kwanza.

Akishakuzoea hivyo, usidhani ameridhika.

"Joakim, nawe ongeza moja. Wewe ndiye baba."

Mzee akavua kofia, akaigeuza, akaitazama ndani, palipoandikwa jina la marehemu.

"Usingoje aote mvi ndipo umuulize jina," akasema. "Mimi ni Malimi."