Mke wa Kumwogesha Mama

Bibi Maka alikaza meno, uji ukamchuruzika kidevuni mpaka kwenye shuka. Mwanamke wa kukodiwa, wa tatu sasa, akatupa kijiko ndani ya bakuli na kutoka bila kuaga.

"Hooyo, mama yangu, utakufa njaa," Jama alisema akiwa mlangoni. Kuingia hakuingia. Chumba kilinuka, na kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi.

"Niletee Gumato," mama yake akajibu.

Huyu Jama ndiye aliyekuwa na duka kubwa kuliko yote Garissa miaka ile ya hamsini, na mkono wa birika kuliko wote pia. Mama yake alipopooza huko Wajir, yeye alijitia hamnazo kwa miaka. Gumato, mjane wa Kiborana wa rika la Jama, ndiye aliyemgeuza bibi kitandani, akamwogesha, akamlisha, akamkanda miguu kwa samli. Mpaka msikitini wakaanza kuulizana mama wa tajiri analelewa na nani. Hapo Jama aliona aibu; huruma haikuwahi kumpitia. Akatuma lori, mama akapakiwa na godoro lake. Gumato akaachwa amesimama kwenye vumbi.

"Siwezi kukaa chini ya paa moja na mwanamke asiye mahram wangu, mtu ambaye dini inaniruhusu kumwoa," Jama aliwaambia watu, macho ameyainamisha kwa ucha Mungu. "Dini hairuhusu."

Dini! Mtu anayelowesha sukari ili iwe nzito kwenye mizani, leo anajua dini. Ukweli ni kwamba hakutaka tumbo jingine la kulisha. Tena Gumato alimkera. Kila Jama alipopita Wajir, mwanamke yule alimwita walaal, yaani ndugu. Watu wa huku huitana hivyo hata sokoni, lakini Jama alikuwa amelelewa Kismayu kwa mjomba wake tangu angali mdogo, akarudi na kichwa kimevimba. Mtumishi amwite yeye ndugu? Ebo!

Lakini mama hakula. Uso ukaanza kumchongoka, na Jama akaanza kuona mazishi, na mdomo wa watu baada ya mazishi.

Sheikh Alio alikuja kumjulia hali bibi, akatoka chumbani amekunja uso.

"Jama, mama yako anakufia mikononi. Mrudishie mtu wake. Kama ni suala la mahram, yako mambo yanayomfanya mtu awe mahram wako. Kuna damu, kuna ndoa, kuna na..."

"Najua, sheikh, najua," Jama akamkata. Hakupenda kufundishwa mbele ya wateja.

Neno moja tu lilikuwa limemkaa kichwani: ndoa. Mke halipwi mshahara. Mke haachi kazi. Tena atafua, atafagia ua, atachota maji. Jama akajiona ana akili kuliko Garissa nzima, akatabasamu peke yake nyuma ya mizani.

Mkewe Muslimo alipoambiwa, alicheka kwa dharau. "Mke wa kuosha kinyesi? Oa! Oa hata wawili, mradi mimi nisiguse."

Bibi Maka naye alicheka, mpaka akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ashushwe kwenye lori lile.

"Mlete," alisema. "Na ulete sheikh, na mashahidi. Wengi, Jama. Ujaze ua."

Jama alidhani mama amefurahia arusi, maskini. Jioni ile mama aliomba uji, akamaliza bakuli.

Gumato alipofika hata maji ya kunywa hakuyaomba. Alipita moja kwa moja chumbani, na punde ikasikika sauti ya maji kwenye karai, kisha kunong'ona, kisha vicheko vya wanawake wawili. Alipoulizwa kuhusu posa, alijibu nyuma ya pazia: "Hooyo akikubali, mimi sina neno."

Ijumaa baada ya sala, ua ulijaa. Bibi Maka alishikilia naye atolewe nje, akatolewa na kitanda chake. Jama alitangaza mahari kwa sauti ya mtu anayegawa ngamia: shuka mbili. Wazee wakatazamana. Mmoja akatema mate pembeni.

"Kabla hujaanza, sheikh," Bibi Maka alisema, "nataka kumuuliza mwanangu. Jama, waambie watu hawa. Kwa nini Gumato asikae humu anitunze hivi hivi, bila ndoa?"

"Kwa sababu si mahram wangu, hooyo."

"Hakuna sababu nyingine?"

"Hakuna." Jama akawageukia watu, mkono kifuani, sauti imejaa wema wa kuazima. "Angekuwa mahram wangu, wallahi, ningempa chumba chake, ningemlisha na kumvisha mpaka siku yake ya mwisho, na nisingemdai kazi yoyote. Mashahidi ni nyinyi."

"Tumesikia," wazee wakaitikia.

Bibi Maka akaegemea mto wake. "Haya, sheikh. Endelea."

Sheikh Alio akasafisha koo. "Kuna mtu yeyote anayejua jambo la kuzuia ndoa hii?"

"Mimi," akasema Bibi Maka. "Mwaka ule mama yake Gumato alipofia kisimani, nilikuwa na watoto wawili wachanga mapajani. Titi la kulia alinyonya Jama. La kushoto alinyonya Gumato, mpaka nikawaachisha wote wawili siku moja. Ndugu wa kunyonya ziwa moja ni mahram, au sivyo, sheikh?"