Jibu Alilolifuta Pimbi

Palikuwa na Korongo, mwalimu wa hesabu, aliyewapanga wanafunzi wake kwa vikundi na kuwaambia, "Jadilianeni, mkubaliane jibu moja."

Siku moja aliwauliza nusu ukijumlisha na theluthi unapata ngapi. Nyani, mwenye sauti kubwa, akasema, "Mbili juu ya tano!" Wenzake wote wakaandika hivyo.

Korongo alisikitika, akafungua daftari la Pimbi, mpole wa kikundi. Katika kurasa za mwanzo, kila swali lilikuwa na jibu sahihi lililofutwa, na juu yake kosa la Nyani; katika kurasa za karibuni palikuwa na majibu ya Nyani tu.

"Mbona ulifuta?"

"Ulisema tukubaliane, Mwalimu."

"Basi leo nipe jibu lako mwenyewe."

Pimbi alilitazama swali mpaka machozi yakamlenga. "Niliacha kukokotoa, Mwalimu. Nimesahau hata pa kuanzia."