Mkulima Asiye na Jina wa Zagayu

Kwa mara ya tisa asubuhi hiyo kompyuta ilikataa, na kwa mara ya tisa Felisita akaitukana kwa Kisukuma, maana Kiswahili kilikuwa kimemwishia.

Kazi yenyewe aliidhania ya nusu saa. Daftari la wakulima wa pamba lilikuwa kwenye kanzidata ya zamani, na chama cha ushirika kilitaka lihamie kwenye mpya. Kulikuwa na programu huria, ya bure kabisa, inayosoma majedwali ya zamani na kuchora yenyewe majedwali ya kule yanakohamia. Unabonyeza, unakunywa chai, ukirudi imekwisha. Ndivyo walivyojisifu walioitengeneza. Wahenga walishasema rahisi ni ghali. Cha bure hawakukitaja.

Chai yake ilikuwa imepoa tangu saa mbili. Paschal, mkuu wa ghala, alichungulia mlangoni.

"Dada, lori limeshapakia dawa. Saa sita kamili sina orodha ya Zagayu mkononi, naligeuza liende Migato. Zagayu watasubiri wiki mbili."

"Na viwavi nao watasubiri wiki mbili?"

"Waulize wenyewe." Akaondoka.

Felisita alizaliwa Zagayu. Alijua vizuri shamba la pamba lililoachiwa viwavi kwa wiki mbili hubaki na nini. Hubaki na vijiti.

Kwanza alishuku tarehe. Wazee wengi hawajui walizaliwa lini, na makarani waliwajazia sifuri mwanzo hadi mwisho. Kanzidata ya zamani ilizimeza. Mpya haitambui siku inayoitwa sifuri. Akazisafisha zote. Ikakataa. Akashuku toleo la programu, akapakua la nyuma yake kwa bando lake mwenyewe. Ikakataa kwa maneno mengine. Hasira zilimpanda mpaka machozi yakamlengalenga. Programu inapiga kelele kuna kosa, lakini haisemi liko wapi, kama mtoto mchanga anayelia bila kuonyesha panapouma.

Saa tano na nusu akalikamata. Wakulima wa Zagayu walikuwa mia tisa na ushei, na mmoja hakuwa na jina. Ekari anazo nne, kijiji kipo, namba ya simu ipo. Penye jina, peupe. Kanzidata ya zamani ilimpokea hivyo hivyo bila swali. Mpya ilisema asiye na jina haingii, na kwa ajili yake wote wakabaki nje.

Aliyejaza fomu ile alikuwa Sylvester, karani wa Zagayu. Nani mwingine! Yule yule ambaye kila akileta fomu mjini huziambatanisha na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, eti ni ya mtaalamu. Michembe Felisita aliila, lakini hakudanganyika. Mtu anayelainisha mambo hivyo ana makosa anayoyafunika.

Akampigia.

"Mwangaluka, mtaalamu!"

"Mwangaluka. Sylvester, mkulima wako wa mia nne na kumi na mbili anaitwa nani?"

"Huyo ni mama mmoja tu wa huku," Sylvester akasema.

"Huyo mama mmoja tu ana jina gani?"

"Andika mama. Anafahamika."

"Kompyuta haimfahamu! Nina nusu saa, Sylvester. Ni uvivu, au ulisahau kumuuliza?"

"Si uvivu. Siwezi kumtaja." Sauti yake ilishuka. "Ni mkwe."

Felisita akafumba macho. Kumbe hicho ndicho kilichomlia asubuhi nzima: mwanamume mzima anaona haya kutaja jina la mama mkwe, hata kwenye fomu ya pamba.

"Basi mpe simu mkeo, anitajie yeye."

"Sijaoa bado."

"Hujaoa, halafu una mkwe?"

"Nia nimeshaiweka. Heshima haisubiri ng'ombe wafike."

"Na huyo binti ana habari?"

"Bado. Kila nikitaka kumwambia namkuta amekasirika."

"Hata mimi ningekasirika!" Felisita akamkatia simu.

Nje lori likawashwa. Kuufuta mstari ule kulihitaji kubonyeza mara mbili tu. Mia tisa wangepita, orodha ingechapwa, na Paschal angefunga mdomo. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Lakini huyo mama wa watu, mwenye ekari zake nne, angesimama foleni juani na kuambiwa hayumo, kisa karani ana haya. Haikumwingia akilini. Akasonya, akatafuta simu yake chini ya makaratasi, akaanza kuiingiza namba ile kutoka kwenye skrini, tarakimu moja moja, ili amuulize mwenyewe.

Alipobonyeza kupiga, namba zikatoweka na mahali pake likatokea jina: Mama.

Mama yake Felisita ana watoto watano. Wanne ni wanaume.