Dole la Kuluthumu

Dole gumba la Kuluthumu lilikwisha kupakwa wino, na nesi alikuwa akilivuta kulipeleka kwenye karatasi ya kukubali kupasuliwa, ndipo bibi huyo alipoliona neno.

Miezi sita ya kisomo cha watu wazima pale Ng'ambo haikwenda bure. Akaukaza mkono, akasoma silabi kwa silabi: "Ku-po-o-za."

Akainua macho. "Daktari, apooze nani?"

Daktari akacheka kidogo. "Hutokea mara chache, bibi. Tunapasua, tunalaza waya mwembamba kando ya uti wa mgongo, umeme unatuliza maumivu ya shingo. Basi."

"Nyumba yangu haina hata taa, wewe umeme unautia shingoni. Na hii 'ku-vu-ja da-mu'? Si uliniambia ni kama kutoga sikio?"

"Nilidhani hujui kusoma."

Hapo ndipo hasira ilipompanda. Shingo hiyo ilibeba mitungi ya maji miaka arobaini, na sasa hata salamu ya mwisho wa swala aliitoa kwa kugeuza macho tu. Nafuu aliitaka, pengine na hatari angeikubali. Lakini aambiwe.

"Kwani asiyejua kusoma shingo yake ya mbao?"

Nesi akalivuta tena lile dole. Kuluthumu akalichomoa, akalikandamiza kifuani pa koti jeupe la daktari, akalizungusha taratibu mpaka mistari yote ikatokea.

"Sahihi yangu hiyo," akasema, akijivutia kiti. "Sasa nisomee tangu juu, mjukuu wangu. Na usiruke mstari."