Mashimo ya Minyoo ya Kale

Nkwabi alimwaga maji juu ya jiwe la mchanga lililovushwa kwa kivuko cha Busisi asubuhi ile, kama wafanyavyo wapasua mawe. Jiwe likianza kukauka, penye ufa hubaki unyevu, na hapo ndipo patasi inapowekwa.

Safari hii unyevu ulibaki kwenye mashimo. Yalikuwa mengi, ya upana wa kidole cha mwisho. Mtaalamu wa mwekezaji aliyeinunua karakana alikwishawaambia: yalichimbwa na minyoo kabla binadamu hajaumbwa, na mchanga uliojaa ndani umegeuka jiwe.

Umegeuka jiwe? Mbona basi kila shimo lilikuwa likisukuma nje uzi wa mchanga mbichi, taratibu, ukijiviringa kama kinyesi cha nyungunyungu shambani baada ya mvua?

Nkwabi akashusha nyundo bila kupiga.

"Piga, mzee!" akafoka msimamizi, kijana aliyeletwa na mwekezaji wiki ile karakana ya umma ilipouzwa kwa bei ya dagaa. "Au unaogopa minyoo? Wenzako sabini niliwapunguza kwa uvivu huu huu. Usipopasua sasa hivi, wewe ni wa sabini na moja."

"Njoo uone mwenyewe, bosi."

"Nione nini? Lete hiyo nyundo!"

Msimamizi akapiga goti, akaegemeza kiganja cha kushoto palepale penye mashimo.

Mchanga ukaacha kutoka. Nkwabi akayaona mashimo yakifunguka, meusi, chini ya kile kiganja laini. Kusema tu "toa mkono" kungetosha.

Akampa nyundo.